Daftari la Pamoja la Njia za Intaneti na Wajibu wa Watoa Huduma

Daftari la pamoja la njia za intaneti ni kanzidata ya wazi ambamo kila mtoa huduma huandika mambo mawili ya msingi: anwani za intaneti alizogawiwa, na namba ya utambulisho wa mtandao wenye haki ya kuzitangaza anwani hizo duniani. Mtu yeyote anaweza kulisoma. Mitandao mingine hulitumia kuhakiki tangazo linapoifikia, na kulikataa lile lisilolingana na kilichoandikwa. Daftari hili halitokani na mkataba wa kimataifa, wala hakuna mtandao unaozimwa papo hapo kwa kutokujiandikisha. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa jambo lenye manufaa kwa wote limeachwa mikononi mwa hiari ya kila mmoja.

Mwananchi anayetuma fedha kwa simu, anayelipia huduma ya Serikali kwa njia ya kielektroniki au anayefungua tovuti kutafuta matokeo ya mtihani halazimiki kulijua daftari hili. Hata hivyo, usalama wa safari ya taarifa zake unategemea iwapo mtoa huduma wake amelijaza, na iwapo mitandao iliyo mbele ya mtoa huduma huyo ina desturi ya kulisoma.

Namna njia zinavyotangazwa

Intaneti ni muungano wa makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea: kampuni za simu, vyuo vikuu, benki, taasisi za umma na kampuni kubwa za maudhui. Kila mtandao una namba yake ya utambulisho na mafungu yake ya anwani. Ruta za mitandao hiyo huzungumza kwa itifaki iitwayo BGP, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1989. Mtandao mmoja humwambia jirani yake kwamba anwani fulani zinapatikana kwake. Jirani humwambia jirani, na ndani ya dakika chache habari huwa imeenea dunia nzima.

Itifaki hiyo ilibuniwa wakati mitandao ilikuwa michache na wahandisi wake wakifahamiana kwa majina. Haikuwekewa utaratibu wowote wa kuuliza iwapo anayetangaza ana haki na anachokitangaza. Abiria wa Dar es Salaam anaweza kuielewa hali hii bila kuwa mhandisi. Mpiga debe anaweza kuita "Kariakoo" kwa sauti kubwa, lakini abiria makini hutazama rangi na maandishi ya njia yaliyopakwa kwenye daladala, ambayo hufuata leseni ya gari hilo. Katika BGP kuna sauti ya mpiga debe peke yake. Daftari la njia ndilo linaloleta ile rangi ubavuni mwa gari.

Kuna tabia moja ya ruta inayofanya jambo hili liwe zito zaidi. Inapopokea matangazo mawili yanayohusu anwani ileile, ruta hufuata lile la fungu dogo zaidi, kwa dhana kwamba anayetaja eneo dogo analifahamu vizuri kuliko anayetaja eneo kubwa. Kwa hiyo tangazo la uongo au la makosa, likiwa mahsusi zaidi, hulishinda tangazo la mmiliki halali.

Ndivyo ilivyotokea tarehe 24 Februari 2008. Kampuni ya Pakistan Telecom, ikitekeleza agizo la kuufunga mtandao wa YouTube ndani ya Pakistan, ilitangaza anwani 256 zilizo ndani ya fungu la anwani 1,024 la YouTube. Tangazo hilo lilikusudiwa kubaki nchini humo. Badala yake lilivuja hadi kwa mbebaji wake wa kimataifa, kampuni ya PCCW ya Hong Kong, ambayo ililipokea na kulisambaza bila kulihoji. Kwa takriban saa mbili, watazamaji wa YouTube katika sehemu kubwa ya dunia walielekezwa Pakistan, kusikokuwa na kitu cha kutazama. Mbebaji angelikuwa na desturi ya kulinganisha tangazo la mteja wake na kumbukumbu iliyoandikwa, tangazo hilo lingekomea mlangoni pake.

Funzo kutoka Lagos

Tukio lililo karibu zaidi na mazingira ya Afrika ni la usiku wa tarehe 12 Novemba 2018. Kampuni ya MainOne ya Nigeria, inayomiliki mkongo wa baharini unaounganisha Afrika Magharibi na Ureno, ilikuwa na makubaliano ya kubadilishana mawasiliano moja kwa moja na Google mjini Lagos. Makubaliano ya aina hiyo ni ya kawaida na yana faida kubwa: mtumiaji wa Lagos huifikia Google bila taarifa zake kuzunguka Ulaya. Njia zinazopatikana kwa makubaliano hayo, hata hivyo, ni za matumizi ya mtandao husika na wateja wake tu, si za kutangaziwa wengine.

Usiku huo, wakati wa maboresho yaliyokuwa yamepangwa, vichujio vya MainOne vilisanidiwa kimakosa, na zaidi ya mafungu 200 ya anwani za Google yakatangazwa kwa China Telecom kana kwamba MainOne ndiyo njia ya kuyafikia. China Telecom iliyapokea na kuyapitisha kwa wengine, ikiwemo TransTelecom ya Urusi. Kwa dakika 74, sehemu ya mawasiliano ya watumiaji wa huduma za Google ilielekezwa Urusi, China na Nigeria, na mengi hayakufika. Awali wengi walishuku ujasusi. MainOne ilijitokeza na kueleza kuwa lilikuwa kosa la usanidi, na kwamba marekebisho yamefanyika.

Tukio hili linafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu linaonyesha kosa lina sehemu mbili. Aliyekosea kutangaza ni mmoja, lakini aliyekosea kupokea ni mwingine, na huyo wa pili ndiye aliyeligeuza kosa la chumba kimoja cha mitambo kuwa tatizo la mabara matatu. Laiti mbebaji angelikuwa na orodha ya mafungu ambayo mteja wake anaruhusiwa kutangaza, iliyotokana na daftari, anwani za Google zisingepenya, kwa kuwa zisingekuwemo katika orodha hiyo.

Yanayoandikwa katika daftari

Kumbukumbu za daftari si nyingi. Ya kwanza ni ya njia yenyewe: fungu hili la anwani hutangazwa na mtandao wenye namba hii. Ya pili ni ya mtandao: jina lake, mawasiliano ya wahandisi wake na majirani ambao unabadilishana nao njia. Ya tatu ni orodha ya wateja, yaani namba za mitandao yote midogo ambayo matangazo yake hupitia kwa mtoa huduma huyo. Kila kumbukumbu ina mtunzaji, ambaye peke yake ana ruhusa ya kuibadilisha. Lugha ya kuziandika ni moja duniani kote, na toleo lake linalotumika hadi sasa lilichapishwa mwaka 1999. Kwa sababu hiyo, programu za mbebaji aliyeko Frankfurt au Singapore zinaweza kusoma kumbukumbu za mtoa huduma wa Mwanza na kuziunda kuwa vichujio bila mtu kuandika herufi hata moja.

Orodha ya wateja ndiyo inayosahauliwa zaidi, na kwa Tanzania ina uzito wa pekee. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hubeba pia mawasiliano ya nchi jirani zisizo na bahari. Mtandao wa nchi jirani unaopita Tanzania kuelekea baharini huwa mteja wa mteja, na usipoorodheshwa na aliye mbele yake, matangazo yake huweza kukataliwa na mbebaji wa kimataifa hata kama kumbukumbu zake mwenyewe ziko sahihi.

Historia ya daftari inaeleza kwa nini kumbukumbu za Afrika zilitawanyika. Miongoni mwa madaftari ya awali ni RADb, linalosimamiwa na taasisi ya Merit Network ya jimbo la Michigan, Marekani, na lile la RIPE NCC la Ulaya. Kabla Afrika haijawa na msajili wake wa anwani, mitandao yake ilihudumiwa na wasajili wa mabara mengine, na wahandisi wengi waliandika njia zao popote palipowapokea. AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005 kuwa msajili wa anwani wa Afrika na eneo la Bahari ya Hindi, na mwaka 2013 ilianzisha daftari lake la njia. Ilipofika Septemba 2018, RIPE NCC iliacha kupokea kumbukumbu mpya za anwani zisizo za eneo lake, na zile za zamani zikatengwa katika hifadhi ya kumbukumbu zisizothibitishwa.

Tofauti kati ya madaftari haya si ya jina tu. Msajili wa bara ndiye aliyegawa anwani, hivyo anaweza kuhakiki kwamba anayeandika njia ndiye aliyepewa fungu hilo. Daftari linaloendeshwa na mtu wa tatu mara nyingi halina uwezo huo. RADb hutoza ada ya mwaka. Daftari la AFRINIC ni sehemu ya huduma kwa wanachama wake. Kwa mtoa huduma wa Tanzania aliyepata anwani zake AFRINIC, kuendelea kutegemea kumbukumbu ya zamani iliyoko Marekani au Ulaya ni kulipia, kwa fedha au kwa usumbufu, kitu chenye uthibitisho dhaifu kuliko kile ambacho tayari ana haki nacho.

Daftari na cheti

Pamoja na daftari kuna mfumo wa pili, RPKI, ambao AFRINIC ilianza kuutoa mwaka 2011. Huu hutumia vyeti vyenye saini ya kidijitali: mwenye anwani hutia saini tamko la mtandao upi una haki ya kuzitangaza, na saini hiyo haiwezi kughushiwa na anayeandika katika daftari la hiari. Mwezi Februari 2019, AT&T ya Marekani ilianza kukataa matangazo ya majirani zake yanayopingana na vyeti hivyo, na wabebaji wengine wakubwa wakafuata. Mwezi Mei 2024, zaidi ya nusu ya njia za anwani za toleo la nne zilikuwa zimefunikwa na matamko ya aina hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba cheti kimelifanya daftari kuwa jambo la zamani. Dhana hiyo si sahihi, na tukio la Lagos ndilo linaloikanusha. Cheti, kwa namna kinavyotumika sasa, huthibitisha chanzo cha tangazo tu. Katika tukio lile chanzo kilibaki kuwa Google. Kilichokosewa kilikuwa njia ya kuifikia. Hakuna cheti cha chanzo ambacho kingelizuia. Orodha ya wateja katika daftari ingeliweza. Kwa upande mwingine, daftari likiachwa peke yake linaweza kudanganywa. Tarehe 17 Agosti 2022, mhalifu aliandika kumbukumbu za uongo katika daftari huria la ALTDB, akaionyesha namba ya mtandao wa Amazon kana kwamba ni ya mteja wa mtandao mdogo, kisha akatangaza fungu la anwani lililokuwa likitumiwa na huduma ya kuhamisha sarafu za kidijitali ya Celer Bridge. Watumiaji walielekezwa kwenye tovuti bandia na kuibiwa takriban dola za Marekani 235,000.

Cheti nacho hakina nguvu kuliko nywila inayokilinda. Tarehe 3 Januari 2024, mtu aliingia katika akaunti ya Orange ya Hispania kwenye mfumo wa RIPE NCC kwa kutumia nywila dhaifu iliyoibwa kutoka kwenye kompyuta ya mfanyakazi, akabadilisha matamko ya anwani za kampuni hiyo, na wateja wake wakakosa huduma kwa takriban saa tatu. Akaunti hiyo haikuwa imewekewa uthibitisho wa hatua mbili. Mtoa huduma anayejiandikisha hana budi kuitunza akaunti ya daftari kwa uangalifu uleule anaoitunzia akaunti ya benki.

Kwa nini wengi husita

Gharama ya kujiandikisha ni ndogo: kazi ya siku chache kwa mhandisi mmoja katika mtandao wa kawaida, kisha dakika kadhaa kila mteja anapoongezeka au kuondoka. Sababu ya kusita iko katika mgawanyo wa faida. Anayeandika kumbukumbu zake hufanya kazi ambayo faida yake ya kwanza huonekana kwa wengine, ambao sasa wanaweza kumhakiki. Na anayeweka vichujio huwakinga majirani zake kabla ya kujikinga mwenyewe. Katika kampuni yenye mhandisi mmoja anayeshughulikia pia minara, ankara na malalamiko ya wateja, kazi ya namna hiyo huahirishwa hadi mwaka unaofuata.

Kwa hiyo ushawishi wenye matokeo ni ule unaoifanya kumbukumbu kuwa sharti la biashara. Baadhi ya wabebaji wakubwa, kama vile Hurricane Electric, huunda vichujio vya majirani zao kutokana na kumbukumbu za daftari, na njia isiyoandikwa haipiti. Vituo vingi vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti duniani hufanya vivyo hivyo katika seva zao za njia. Kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watoa huduma waliokuwa, na bado ni, washindani. Mahali pa aina hiyo ndipo penye ushawishi wa karibu zaidi, kwa sababu kosa la mmoja huwafikia wote siku hiyohiyo, na wahandisi wanajuana. Ukumbusho wa jirani aliyeathirika huwa mzito kuliko waraka.

Upo pia mpango wa hiari wa kimataifa wa MANRS, ulioanzishwa mwaka 2014 chini ya Jumuiya ya Intaneti, ambao huwataka washiriki wazuie matangazo yasiyo sahihi, wazuie taarifa zenye anwani za kughushi, waweke wazi mawasiliano ya wahandisi wao, na wachapishe njia zao ili wengine waweze kuzihakiki.

Serikali kwa upande wake ni mteja mkubwa wa intaneti, na mteja ana sauti. Uholanzi iliamua mwaka 2023 kwamba mitandao ya serikali yake itumie vyeti vya RPKI ifikapo mwisho wa mwaka 2024, na uamuzi huo uliwagusa moja kwa moja wanaoiuzia huduma. Sharti la mistari miwili katika nyaraka za zabuni ya huduma ya intaneti, kwamba njia za mzabuni ziwe zimeandikwa katika daftari la msajili wa bara na ziwe na vyeti halali, linaweza kuhakikiwa na ofisa manunuzi kwa msaada wa mtaalamu wa TEHAMA kwa muda usiozidi saa moja, kwa kuwa kumbukumbu zote ziko wazi.

Siku mkongo unapokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini. Miezi michache kabla ya hapo, mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, hivyo njia za akiba zilikuwa tayari zimepungua.

Siku ya namna hiyo, kila mtoa huduma hutafuta mbebaji mwingine wa kumpitisha. Mkataba unaweza kukubaliwa kwa simu na nyaya zikaunganishwa ndani ya saa chache. Lakini mbebaji huyo mpya, asiyemfahamu mteja, huunda vichujio vyake kutokana na daftari. Mtoa huduma ambaye kumbukumbu zake zimekamilika huanza kutangaza njia zake mara moja. Yule ambaye hajajiandikisha huwa na uwezo wa kupeleka taarifa nje lakini majibu hayarudi, kwa sababu anwani zake zimekataliwa mlangoni. Hata akiandika kumbukumbu zake wakati huohuo, wabebaji wengi huhuisha vichujio vyao kwa ratiba, aghalabu mara moja kwa siku. Wateja wake huendelea kusubiri wakati mkongo wa akiba upo na umelipiwa.

Kwa mtoa huduma aliyepata anwani zake AFRINIC, hatua ya kwanza ni kuingia katika akaunti yake ya uanachama, kuteua mtunzaji wa kumbukumbu na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Hufuata kuandika njia za anwani za toleo la nne na la sita, kuunda orodha ya wateja, na kutia saini matamko ya vyeti yanayolingana na njia hizo. Kumbukumbu za zamani zilizobaki katika madaftari ya nje zifutwe, kwani kumbukumbu ya mteja aliyeondoka humpa haki ya kutangaza mtu ambaye hana tena anwani hizo. Mtoa huduma mdogo anayetumia anwani alizoazimwa na mtandao mkubwa hawezi kuziandika mwenyewe. Hana budi kumwomba mwenye fungu amwandikie, na ombi hilo liwe sehemu ya mkataba wao tangu siku ya kwanza.